Baba, mtoto huyo ni wako

Mama aliyeingia kliniki yangu hapa Birongo asubuhi hiyo alikuwa amemfunika mtoto kwa blanketi mbili, moja juu ya nyingine, ingawa jua lilikuwa limechomoza na matatu aliyopanda kutoka Keumbu ilikuwa imejaa watu hadi mlangoni. Nilidhani mtoto ana homa. Nilipomwomba amfunue, alitazama kwanza kama mlango umefungwa. Ndani ya blanketi mlikuwa na msichana wa wiki tatu, mwenye uzito wa kutosha, anayenyonya vyema. Nywele zake zilikuwa za rangi ya ndevu za mahindi machanga na ngozi yake nyeupe iliyoingia wekundu. Mama mwenyewe ni mweusi kama mimi.

"Daktari," akasema, "nyumbani wananiuliza nilimpata wapi."

Mumewe hufanya kazi Nakuru. Alikuja siku mbili baada ya mtoto kuzaliwa, akamwangalia, akarudi kazini bila kusema neno, na tangu hapo hajapiga simu. Blanketi ya pili ilitolewa na mama mkwe, ili majirani wasione.

Katika miaka ishirini hivi ya kutibu watu nimelisikia swali hilo kwa namna nyingi. Wapo wanaosema mama alikwenda nje ya ndoa. Wapo wanaosema ni laana ya ukoo, au kwamba mama alimcheka mtu wa namna hiyo alipokuwa mjamzito. Juzi mzee mmoja mwenye elimu nzuri tu alinihakikishia kwamba hali hiyo hutokea ndugu wanapooana. Nikamkumbusha kwamba sisi Abagusii hatuoi ndani ya ukoo mmoja, na bado watoto hawa huzaliwa kwetu. Alinyamaza, lakini sidhani alikubali.

Kabla sijaendelea, niseme jambo kuhusu jina. Kiswahili kina neno zeruzeru, na pengine waliolitumia zamani hawakuwa na nia mbaya. Wenye hali hiyo hawalipendi, nami nimeliacha. Nasema mtoto mwenye ualbino.

Mashine moja kiwandani

Wakazi wa vilima vyetu wanakijua kiwanda cha majani chai. Sasa fikiria kiwanda kilichojengwa vizuri, wafanyakazi wote wameajiriwa, lori limeleta majani hadi mlangoni, lakini mashine moja ya katikati ilitengenezwa bila kipande chake muhimu. Majani yanaingia, chai haitoki. Ndivyo ilivyo ngozi ya mtoto mwenye ualbino. Chembechembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, ile iitwayo melanini, anazo, na idadi yake haipungui ya kwako. Kilichoharibika ni kifaa kimoja ndani ya chembechembe hizo, na kwa sababu hiyo rangi haitengenezwi, au hutengenezwa kidogo mno.

Maagizo ya kukitengeneza kifaa hicho yamo katika jeni, na kila mmoja wetu ana nakala mbili za maagizo hayo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Nakala moja nzima inatosha. Mtu mwenye nakala moja mbovu na moja nzima huwa mweusi kama jirani yake, macho yake huona vizuri, na anaweza kuishi hadi uzeeni asijue kwamba anaibeba. Ualbino hutokea mtoto anapopata nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Kwa maneno mengine, kwa ualbino huu wa kawaida wa ngozi, nywele na macho, mama peke yake hawezi kumpa mtoto hali hii. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamfukuza kwa jambo ambalo nusu yake ilitoka kwake mwenyewe.

Aina iliyoenea zaidi barani Afrika huitwa aina ya pili, na jeni yake, OCA2, iko katika kromosomu ya 15. Mwaka 1994 watafiti walieleza kwamba Waafrika wengi wenye aina hii wana kasoro ile ile: kipande cha jeni kimekatika na kupotea, na ni kipande kile kile. Kimeonekana kukosekana kwa watu wa Tanzania, Zimbabwe, Afrika Kusini na Kameruni, na kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Wataalamu wanaamini kasoro hiyo ni ya kale sana na ilisambaa pamoja na mababu zetu Wabantu walipokuwa wakihama. Kwa hiyo imeyatangulia majina ya koo tunazozitaja leo, na ndiyo maana kijana wa Nyaribari anaweza kumwoa msichana wa mbali kabisa na wote wawili wakawa wanaibeba.

Ni wengi kiasi gani? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya, yaani karibu mtu mmoja kati ya 5,000. Hao ni wachache. Lakini hesabu ya urithi ina jambo la kushangaza. Ili apatikane mmoja kati ya 5,000, inabidi karibu mtu mmoja kati ya 35 awe anabeba nakala moja mbovu bila kujua. Ukienda mazishini ukakuta watu mia tatu uwanjani, wanane au tisa kati yao wanaibeba. Huenda mmoja wao ni wewe msomaji, au mimi ninayeandika.

Macho kwanza

Wazazi wengi huona ngozi tu. Mimi huanza na macho, kwa sababu melanini inahitajika pia jicho linapojengwa mtoto akiwa bado tumboni. Ikikosekana, sehemu ya nyuma ya jicho inayoona vitu vidogo haikomai, na mishipa inayopeleka picha kwenye ubongo hupita njia isiyo ya kawaida. Mtoto huyu macho yake huchezacheza, mwanga mkali humuumiza, na vitu vya mbali haoni vyema. Miwani humsaidia na ni lazima apimwe, lakini haimfanyi aone kama wenzake, na mzazi aambiwe hivyo mapema asije akahama kutoka duka moja la miwani hadi jingine akipoteza fedha.

Akili yake haina kasoro yoyote. Nasema hivi kwa sababu nimeona watoto waliorudishwa darasa la chini mara mbili kwa kuitwa wazito, na kumbe hawaoni ubaoni. Mwaka 2017 mtihani wa KCPE uliongozwa nchi nzima na msichana mwenye ualbino, Goldalyn Kakuya, kwa alama 455 kati ya 500. Mumbi Ngugi ni jaji wa Mahakama ya Rufani. Hao walipata mahali pa kukaa darasani.

Mwalimu, ukiwa na mtoto kama huyu, mweke mbele katikati, mbali na dirisha lenye mwanga, na mruhusu asimame aende hadi ubaoni. Akikaribiza kitabu puani, mwache, haharibu macho. Akiinamisha kichwa upande mmoja anaposoma, usimnyooshe. Huo ndio upande ambao macho yake hutulia. Mruhusu kofia na miwani ya jua hata kama havimo katika sare ya shule. Na mapema kabla ya mtihani wa taifa, ulizia karatasi yenye maandishi makubwa na muda wa ziada, maana mtoto mwenyewe hawezi kuviomba asichokijua.

Jua la baridi

Hapa ndipo watu wetu hukosea zaidi. Tunadhani jua kali liko Kisumu au Mombasa, na kwamba Kisii, penye baridi na mvua, ngozi iko salama. Miale inayoharibu ngozi haileti joto unaloweza kulihisi. Tuko karibu kabisa na ikweta, na vilima vyetu vimeinuka mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda, miale hiyo huongezeka kwa asilimia kumi hivi. Mawingu mepesi huipitisha hadi asilimia 80. Mtoto anayechunga ng'ombe siku ya mawingu anaungua, na mama anayechuma chai na mtoto mgongoni kuanzia asubuhi anamuunguza bila kujua.

Nitasimulia kosa langu. Nilipokuwa daktari kijana, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, alikuja kijana wa miaka ishirini na sita mwenye ualbino, mchuuzi wa sokoni, akiwa na kidonda nyuma ya sikio. Nilimpa dawa ya kupaka na vidonge vya antibiotiki. Alirudi baada ya mwezi, nikabadilisha dawa. Aliporudi mara ya tatu kidonda kilikuwa na kingo zilizoinuka na kilitoka damu kikiguswa. Hapo ndipo nilipokata kipande kikapelekwa maabara. Ilikuwa saratani ya ngozi, na ilikuwa imeshafika kwenye tezi za shingo. Alifariki mwaka uliofuata. Siku ile ya kwanza, kidonda hicho kingeweza kuondolewa kwa sindano ya ganzi na nusu saa ya kazi.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: kidonda, gamba au kinyama kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino kisichopona kwa wiki nne hakipakwi dawa tena, kinakatwa kipande na kupimwa. Mgonjwa anayo haki ya kumdai daktari wake afanye hivyo. Kwa watu wasiojikinga, saratani hii huanza mapema, wakiwa na miaka ishirini au thelathini, hasa masikioni, usoni, kwenye midomo na shingoni.

Kinga yenyewe si ghali kama watu wanavyodhani. Ya kwanza ni kivuli, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ya pili ni nguo: mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, kitambaa kizito ambacho ukikiinua juani huoni mwanga ukipenya, na kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote. Kepu haifai. Inafunika paji la uso na kuacha masikio na shingo, na huko ndiko nilikokiona kile kidonda. Mafuta ya kukinga jua ni ya tatu, kwa sehemu ambazo nguo haifiki. Yawe ya kiwango cha 30 au zaidi, yapakwe karibu nusu saa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, tumia kivuli na nguo badala ya mafuta.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali imekuwa ikitoa mafuta hayo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwenye hospitali za umma. Mtoto anapaswa kuandikishwa. Mafuta huisha na hukawia, ndiyo maana nasisitiza kofia.

Liko jambo jingine ambalo sipendi kuliandika. Kuanzia miaka ya 2000 nchi jirani ya Tanzania ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao, kwa uongo kwamba vinaleta utajiri. Nasi tusijione wema: mwezi Agosti 2010 ni Mkenya aliyehukumiwa kifungo Mwanza kwa kujaribu kumuuza Mkenya mwenzake mwenye ualbino. Mzazi asimfiche mtoto ndani. Anayejulikana na majirani wote, mwalimu, chifu na watu wa kanisa ana walinzi wengi kuliko aliyefichwa.

Baba wa yule mtoto alikuja Jumamosi moja, zaidi ya mwezi baadaye, peke yake. Hakukaa. Aliuliza jambo moja tu: wakizaa mwingine itakuwaje?

Nilitoa sarafu mbili mfukoni. Nikamwambia sarafu moja ni yeye, nyingine ni mkewe, na upande wenye picha ndio nakala mbovu. Zikianguka zote mbili picha juu, mtoto ana ualbino. Hiyo ni mara moja kati ya nne kwa wastani, na sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara iliyopita. Kila mimba huanza upya. Alizirusha mezani: picha moja. Akarusha tena: hakuna. Mara ya tano au ya sita zikaanguka zote mbili picha juu, akaziangalia kwa muda.

"Kwa hivyo hata mimi," akasema.

"Hata wewe, baba."

Alivuta kiti akakaa. Aliuliza kuhusu macho, nikampa barua ya kwenda idara ya macho katika hospitali ya rufaa mjini Kisii. Kisha akauliza kofia ya mtoto mchanga huuzwa wapi. Nikamwambia ajaribu kwa wauza mitumba siku ya soko, aende mapema kabla nzuri hazijachaguliwa, na ahakikishe inafunika masikio.