Kwa nini simu ya Bukavu inakula salio kuliko simu ya Kigali

Ukisimama Kamembe unaziona nyumba za Bukavu. Kigali ni safari ya saa nyingi kwa basi. Lakini kwa laini ya Rwanda, Kigali ndiyo karibu na Bukavu ndiyo mbali. Simu ya mkononi haihesabu kilomita, inahesabu mipaka ya nchi. Kutoka Rusizi hadi kambi ya Mahama, mwisho wa mashariki, unalipa bei ya ndani. Namba ya +243 ni simu ya kimataifa, hata kama unayempigia yuko upande wa pili wa daraja, na kwa kawaida dakika za kifurushi chako cha ndani hazitumiki huko.

Hata Nairobi inaweza kuwa nafuu. Mwaka 2014 Rwanda, Kenya na Uganda zilianza mpango wa eneo moja la mtandao, wenye kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika. Kongo haikuwamo. Iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kuingia Jumuiya si kuingia katika mpango wa simu.

Kuna mtego mwingine. Mawimbi ya simu hayasimami mpakani. Karibu na mto au ziwa, laini yako ya Rwanda inaweza kushika mnara wa Kongo wakati wewe umekaa nyumbani. Hapo unalipa kama msafiri, hata ukimpigia jirani, na pengine hata ukipokea. Kabla ya kupiga, soma jina la mtandao juu ya kioo. Kama si mtandao wako, ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao mwenyewe, na uzime data ya romingi. WhatsApp haijali mpaka, inakula bando tu, lakini ukiwa umeshika mnara wa ng'ambo bando hilo linaweza kuwa ghali sana.

Wengi hapa wana laini mbili. Laini ya Kongo ikishika mnara wa Bukavu, unapiga Bukavu kwa bei ya Kongo. Ukipanda milimani kuelekea Nyarushishi mnara huo unaweza kupotea, na laini ile ile ikakutoza kama msafiri.

Kama umefika juzi, angalia namba ulizohifadhi. Namba ya Kongo inayoanza na 0 haitapita kwa laini ya Rwanda. Ondoa hiyo 0, weka +243 mahali pake. Wapo wanaopiga siku nzima kwa namba ya zamani, wakidhani mama au kaka amezima simu, au wakiwaza mabaya zaidi. Kwanza rekebisha namba, upige tena. Ikiwa bado humpati, uliza Msalaba Mwekundu: huwasaidia wakimbizi waliotengana na familia zao kupiga simu bila malipo.