Chai Nyeusi ni Ipi? Istilahi za Chai na Tafsiri ya Matokeo ya Utafiti wa Lehemu

1.0 Utangulizi

Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili, chai nyeusi ni chai isiyotiwa maziwa, ambayo Tanzania huitwa pia chai ya rangi na Kenya turungi. Nchini China, jina lenye maana hiyohiyo, hei cha, hutaja kitu kingine: majani yaliyochachushwa na vijiumbe, mfano mashuhuri ukiwa pu'er ya Yunnan. Chai ya Kericho au Mufindi, ambayo Waingereza huiita nyeusi, kwa Wachina ni hong cha, yaani chai nyekundu. Mtafsiri asiyezingatia tofauti hii humpa mgonjwa matumaini yasiyo na msingi.

2.0 Tofauti ya Kikemikali na Athari Zake

Katika chai ya Kericho, vimeng'enya vya jani lenyewe huoksidisha katekini na kuzalisha theaflavini na thearubijini. Katika pu'er iliyoiva, majani yenye unyevu hurundikwa kwa wiki kadhaa, na vijiumbe huchangia kuzalisha theabraunini kwa wingi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Communications ulieleza jinsi theabraunini inavyopunguza lehemu (kolesteroli). Kiambata hicho hupunguza bakteria wa utumbo wanaovunja chumvi za nyongo. Chumvi zisizovunjwa huongezeka na kudhoofisha ishara inayotoka utumboni kulizuia ini kutengeneza nyongo. Kwa kuwa ini hutumia lehemu kutengeneza asidi za nyongo, lehemu hupungua, na asidi nyingi zaidi hutoka na kinyesi. Ushahidi huo ulitokana zaidi na panya; upande wa binadamu lilihusishwa kundi dogo la wanaume.

3.0 Hitimisho na Mapendekezo

Matokeo hayo hayaruhusu kudai kwamba chai ya rangi inatibu lehemu, wala hayahalalishi mgonjwa kuacha dawa aliyoandikiwa. Inapendekezwa kwamba miongozo ya afya itumie istilahi tatu: chai ya rangi kwa kinywaji kisicho na maziwa, chai nyeusi kwa majani yaliyooksidishwa, na chai ya kuvundikwa kwa hei cha. Kitenzi kuvundika tayari hutumika kwa matunda yanayofunikwa hadi yaive. Hivyo, istilahi hiyo inaubainisha mchakato ambao ndio chanzo cha tofauti yenyewe.