Jinsi kiimbo kinavyobeba msisitizo katika mazungumzo

UTINGO wa matatu itokayo Ruiru kuelekea Thika akitamka "Umelipa", abiria anaweza kusikia mambo mawili. Sauti ikishuka mwishoni, anaarifiwa kwamba nauli imepokelewa. Ikipaa, anaulizwa. Neno ni lile lile. Kinachotofautisha ni kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika usemi. Asiyekitambua huenda akanyamaza pale anapotakiwa kujibu, na ugomvi ukazuka bure.

Kiswahili hutoa nafasi kubwa kwa kiimbo kwa sababu mkazo wa neno hukaa karibu kila mara katika silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno machache hukiuka kanuni hiyo: "baraBAra" ni njia, ilhali "baRAbara" ni sawasawa. Kwa hiyo msemaji yu huru kulitilia nguvu neno alitakalo. Katika sentensi "Juma amekwenda Ruiru leo", akikaza "Juma" anamaanisha kwamba si mtu mwingine. Akikaza "Ruiru", kwamba si Thika.

Hali ni tofauti katika Gikuyu, lugha ya wakazi wengi wa miji hiyo miwili. Hiyo ni lugha ya toni, ambapo kiwango cha sauti katika silabi ni sehemu ya neno lenyewe. Mtaalamu wa fonetiki Lilias Armstrong wa University College London aliuchambua mfumo huo kwa msaada wa Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London miaka ya 1930. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1940, baada ya kifo chake. Kwa kuwa toni tayari ina kazi yake, Gikuyu hutumia pia kijineno "nĩ", kinachotangulia neno linalosisitizwa.

Kijapani nacho hakiko mbali na hali hiyo. Lugha hiyo si ngeni kabisa katika eneo hili, kwani chuo kikuu cha JKUAT kilichoko Juja, kati ya Thika na Ruiru, kilianzishwa mwaka wa 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani. Kwa matamshi ya Tokyo, "hashi" ikianza kwa sauti ya juu ni vijiti vya kulia. Ikianza chini kisha ikapanda, ni daraja. Hivyo anayetaka kusisitiza hawezi kuhamisha kilele cha sauti, la sivyo atakuwa ametaja kitu kingine. Badala yake hukiinua zaidi kilele kile kile, kisha huyashusha maneno yanayofuata.

Maandishi hayahifadhi mengi ya haya, ila alama ya kuuliza na ya mshangao. Ndiyo sababu mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kitabu pekee huweza kujua maneno yote na bado asielewe alichoambiwa. Hata hivyo, lugha yenyewe ina tiba. Penye shaka, "Je, amefika?" haiwezi kudhaniwa kuwa taarifa, na "Juma ndiye aliyekwenda" haihitaji sauti kukazwa ili ieleweke.