Bomu Likilipuka Chini ya Gari, Askari Huokolewa na Nini?

Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari. Mpenzi msomaji, mjomba wangu ni askari aliyekuwa akilinda doria kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Siku moja gari lao la deraya lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Gurudumu lilirushwa vichakani, lakini wote waliokuwemo walitoka hai! Mjomba alirudi nyumbani na plasta mguuni tu.

Mimi nilidhani ni unene wa chuma uliowaokoa. "La, mpwa wangu," akaniambia, "ni umbo."

Litazame paa la darasa letu mvua inaponyesha. Maji hayatuami kwa sababu paa lina mgongo, basi huteremka huku na huku. Sasa lipindue paa hilo, mgongo uelekee chini, ulifanye tumbo la gari. Hilo ndilo umbo la herufi V. Mlipuko ukija kutoka ardhini, nguvu yake nyingi hupasuliwa na kupita kandokando. Sakafu bapa nayo hupokea pigo lote, kama kofi.

Ujuzi huu ulikuzwa sana Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, wakati wa vita vya miaka ya 1970. Mwanzoni watu walipanga magunia ya mchanga ndani ya magari yao. Baadaye yakaundwa magari yenye tumbo la V. Afrika Kusini nayo ikatengeneza Buffel, kisha Casspir. Wamarekani walipoona wanajeshi wao wakiangamia kwa mabomu ya barabarani nchini Iraki, walipeleka huko maelfu ya magari ya aina hiyo kuanzia mwaka wa 2007.

Jambo la pili ni kimo. Nguvu ya mlipuko hupungua upesi kadiri unavyokuwa mbali nao, ndiyo maana magari haya ni marefu kwenda juu. Hata hivyo, urefu huo huyafanya yapinduke kwa urahisi.

Jambo la tatu ni viti. Sakafu ikirushwa ghafla huvunja miguu na uti wa mgongo. Kwa hiyo viti vingi huning'inizwa kutoka darini au ukutani, na miguu huwekwa juu ya kikanyagio, si sakafuni. Kumbe mjomba alikuwa amechoka, akaushusha mguu mmoja sakafuni. Huo ndio uliovunjika! Lakini mshipi alikuwa ameufunga, na bila huo kichwa chake kingegonga dari.

Umbo la V halizuii kila kitu. Bomu lililotegwa kando ya njia hupiga ubavuni, na huko V haina msaada. Hivyo macho ya dereva bado ni kinga kubwa.

Wenzangu, tunaopanda matatu kila asubuhi tuna mishipi vitini, nasi huikalia tu. Mjomba sasa hupanda matatu kwa magongo, na kabla hajasalimia mtu, hufunga mshipi.