Wimbi la Hokusai: mchoraji anasifiwa, mchongaji hatajwi

Tangu tarehe 3 Julai 2024, noti mpya ya yeni 1.000 ya Japani inabeba upande wa nyuma picha ambayo watu wengi wameiona hata kama hawajui jina lake: wimbi kubwa lenye povu kama makucha, mashua tatu zikipambana nalo, na mlima Fuji ukionekana mdogo kwa mbali. Mchoraji wake ni Katsushika Hokusai. Picha ilitoka karibu mwaka wa 1831 huko Edo, mji unaoitwa leo Tokyo. Wakati huo mzee alikuwa na umri wa miaka 70 hivi.

Wengi hawafahamu kwamba mchoro wenyewe wa mkono haupo tena. Hokusai alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Kisha mchongaji akaibandika karatasi hiyo, uso chini, juu ya ubao wa mti wa cheri na kuikata pamoja na mbao, akiacha mistari tu ikisimama. Kazi ya mzee iliishia chini ya kisu. Kwa rangi, zilichongwa mbao zingine. Mpiga chapa alipaka rangi kwa brashi, akalaza karatasi juu, na kuisugua kwa mkono na kifaa cha duara kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Hakukuwa na mashine. Karatasi ikisogea hata kidogo, rangi inatoka nje ya mstari. Ndiyo sababu ubao ulichongwa alama kwenye pembe, kuonyesha pahali pa kuilaza.

Bluu yake nayo ina safari. Ni rangi iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikaingia Japani wakati nchi hiyo ilikuwa bado imefunga milango yake karibu kwa wageni wote. Picha tunayoiita ya Kijapani kabisa ina Ujerumani ndani yake.

Mchapishaji, Nishimuraya Yohachi, ndiye aliyegharamia kazi. Mfululizo ulipangwa kuwa na picha 36 za mlima Fuji, lakini wanunuzi walizipenda hadi zikaongezwa 10. Hizi hazikuwa mali za wakubwa. Watu wa kawaida wa Edo walinunua kwa bei isiyozidi sana ile ya bakuli la tambi, wakabandika ukutani, na nyingi zikachakaa na kutupwa. Leo zinajulikana nakala zaidi ya 100 tu za Wimbi. Mwezi wa Machi 2023, moja iliuzwa New York kwa dola milioni 2,76.

Wanunuzi wa namna hiyo huangalia kwanza kisanduku kidogo chenye jina la picha. Mistari yake ikiwa mizima, nakala ni ya mapema. Ikiwa imekatika, ubao ulikuwa umeanza kuchoka. Yaani bei inategemea sana mkono wa mchongaji, na bado jina lake halimo kwenye picha. La mpiga chapa pia halimo. Lipo la Hokusai.

Ufundi huo ulitikiswa baada ya 1868, picha za kamera na mashine za kuchapa zilipoenea Japani, lakini haukufa. Mjini Tokyo, karakana ya Adachi bado inafundisha vijana kuchonga na kupiga chapa, kila mmoja kazi yake. Wimbi wanalichonga upya, kwenye mbao za cheri.