Jeraha la Jukwaani na Sayansi Yake

Mtazamaji wa tamthilia huliamini jeraha la mwigizaji pale tu linapofuata kanuni za mwili. Kwa hiyo mpambaji wa waigizaji hana budi kwanza kuielewa damu.

Damu itokayo katika ateri ni nyekundu yenye kung'aa, kwa kuwa hemoglobini yake imebeba oksijeni kwa wingi. Ile ya vena ni nyekundu iliyokoza. Zikikauka, zote huwa za hudhurungi. Damu ikivilia chini ya ngozi, mwili huivunja hemoglobini hatua kwa hatua: hutokea biliverdini ya kijani, kisha bilirubini ya manjano. Ndiyo maana pigo la saa moja iliyopita halipakwi manjano.

Kidonda chenye kina hufinyangwa kwa jelatini, yaani protini itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, iliyoyeyushwa katika maji ya moto pamoja na gliserini ili isikauke upesi. Joto la taa za jukwaani laweza kuilainisha. Nayo isipakwe ingali ya moto, isije ikaunguza kweli.

Ufundi huu hutumika pia kufundishia huduma ya kwanza, na hapo kosa la rangi ni la hatari. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Pigo huonekana kama weusi uliozidi, na kupauka kwa aliyepoteza damu hutafutwa ndani ya kope na kwenye ufizi. Mwanafunzi aliyezoezwa wekundu peke yake aweza kumpita majeruhi halisi asimtambue.