Pono, Samaki wa Usingizi

Sisi wa Ukambani twamjua pono kwa usemi tu. Mtoto asiyeamka mapema kwenda kuteka maji huambiwa amelala kama pono. Lakini ni wangapi hapa Zombe waliomwona samaki mwenyewe?

Pono hukaa katika maji ya bahari yasiyo na kina kirefu, penye matumbawe na majani ya bahari, pwani yetu yote tangu Kiunga mpaka Vanga. Magamba yake ni makubwa. Meno yake yameshikamana yakawa kama mdomo wa kasuku, na kwa alama hiyo utamtambua hata sokoni. Rangi zake zatatanisha: wengi huanza maisha wakiwa majike, rangi ya udongo au kijivu, kisha baadhi yao hugeuka madume, wakawa kijani na buluu. Usicheke, ndivyo ilivyo.

Chakula chake ni mwani. Huukwangua mwambani kwa mdomo ule, akimeza na vipande vya matumbawe, na kooni ana mifupa ya kusagia, mfano wa firigisi ya kuku. Mawe yaliyosagwa hutoka nyuma yakiwa mchanga mweupe; pono mkubwa aweza kutoa zaidi ya kilo 50 kwa mwaka. Usiku hulala mapangoni, na aina nyingine hujifunika kwa ute kama chandarua. Usemi ule haukubuniwa bure.

Yamhusu nini mkulima? Mwani usipoliwa hufunika matumbawe, kama magugu yafunikavyo mahindi. Kwa hiyo pono ndiye mpaliliaji wa huko, na katika hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, hairuhusiwi kumvua. Lakini hifadhi haizuii udongo. Mto Athi, upitao kati ya Kitui na Makueni, huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia baharini karibu na Malindi. Mvua ikinyesha sana bara, bahari pale hugeuka rangi ya kahawia, na udongo wa mashamba hutua juu ya matumbawe. Tope hilo pono hawezi kulikwangua.

Udongo huo ndio uliobeba samadi yako. Wenye mashamba ya mtelemko na wachimbe fanya juu kabla ya mvua za Novemba, udongo wa mtaro ukitupwa upande wa juu. Mistari yahitaji kupimwa kwanza, basi njoo ofisini mapema. Mwezi wa Oktoba wanaongoja huwa wengi.